Siku tatu Berlin: Panga kwa mitaa, na mjusi wa Tendaguru usimpite

Wasafiri wengi kutoka Afrika Mashariki wanaofika Berlin hawakwenda kutalii. Mmoja ameitwa kwenye semina, mwingine anamtembelea dada yake aliyeolewa huko, mwingine amemaliza maonyesho ya biashara na tiketi inamruhusu kubaki siku mbili tatu kabla ya kurejea. Muda huo ni mfupi na mji ni mpana: kilomita za mraba 891, zenye wakazi zaidi ya milioni 3.6. Anayeamka asubuhi bila mpango humaliza mchana ndani ya treni, akikimbilia kila jina alilolisikia, na jioni anarudi hotelini na picha nyingi asizoweza kuzieleza.

Siku tatu zinatosha kuuona mji huu vizuri, kwa sharti kwamba kila siku upewe upande wake wa mji na usiupite. Mshika mbili moja humponyoka. Tena mgeni anayetoka kwetu ana jambo la ziada la kulitengea nafasi. Historia ya Tanganyika, Rwanda na Burundi imo kwenye mitaa ya Berlin, na matembezi ya kawaida ya watalii huipita kando. Usipoipanga mwenyewe, hakuna atakayekupangia.

Viza kwanza

Ujerumani imo katika eneo la Schengen lenye nchi 29. Viza ya muda mfupi hukuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024; mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa nusu, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiutegemee mwisho huo. Nafasi za miadi hujaa, hasa kuelekea kiangazi cha Ulaya, na ombi linalohitaji kuchunguzwa zaidi laweza kuchukua hadi siku 45. Anza miezi mitatu mapema. Kama utapita nchi zaidi ya moja, ombi lipelekwe kwa ile utakayokaa siku nyingi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Juu ya hayo, ubalozi unataka kuona kwamba una fedha za kujikimu na una sababu ya kurudi nyumbani: taarifa ya benki, barua ya mwajiri au leseni ya biashara, uthibitisho wa mahali pa kulala. Kinachowaponza wengi ni karatasi zisizopatana. Barua ya likizo inasema wiki moja, hoteli imewekwa kwa siku 10, bima inakoma siku ya nane. Kabla ya miadi, zitandaze mezani na ulinganishe tarehe zake moja baada ya nyingine.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam wala Nairobi hadi Berlin. Ukiunganisha Amsterdam au Frankfurt, ukaguzi wa uhamiaji utafanyiwa huko, kwa hiyo acha saa mbili au zaidi kati ya ndege na ndege. Ukiunganisha Istanbul au Doha, utakaguliwa Berlin. Mfumo mpya wa mipaka ulioanza Oktoba 2025 unachukua picha ya uso na kuhifadhi kumbukumbu za kuingia na kutoka kwa kompyuta, na foleni za mara ya kwanza zinaweza kuwa ndefu.

Majira, malazi na tiketi ya treni

Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya raha. Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo siku moja inakupa saa nyingi za kutembea. Desemba giza huingia kabla ya saa kumi jioni na baridi hukaribia nyuzi sifuri. Anayelazimika kwenda majira hayo achukue koti zito, viatu visivyopitisha maji na soksi za sufu, na apange mambo ya nje asubuhi na ya ndani mchana.

Kwa siku chache, lala katikati: maeneo ya Mitte, Alexanderplatz, au karibu na kituo chochote cha treni kilicho ndani ya reli ya mzunguko. Hoteli ya bei poa nje ya mji hukurudishia gharama kwa njia ya nauli na muda. Kwenye bili utakuta pia kodi ya mji, ambayo tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya bei ya chumba.

Uwanja wa ndege wa Berlin, uliofunguliwa Oktoba 2020, uko nje ya mpaka wa jiji. Usafiri umegawanywa kanda tatu, A, B na C, na uwanja huo uko kanda C. Siku ya kufika na ya kuondoka unahitaji tiketi ya ABC. Siku nyingine AB inatosha, nayo ya saa 24 hukupa treni, tramu na mabasi yote kwa tiketi moja. Vituo havina mageti, na hapo ndipo wageni wanaponaswa. Tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kijimashine kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, na asiye na tiketi iliyogongwa hulipa faini ya euro 60, hata kama tiketi ameinunua na anayo mfukoni.

Siku ya kwanza: Kati ya Bunge na mto Spree

Anza Bungeni. Jengo la Reichstag lina kuba la kioo lililosanifiwa na Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1999. Kupanda ni bure, ila ni lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na mlangoni uoneshe pasipoti. Weka nafasi ya asubuhi mara tu unapojua tarehe za safari. Ndani ya kuba, njia ya mzunguko inakupandisha taratibu, mji mzima umekuzunguka na ukumbi wa wabunge ukiuona chini yako. Jengo lilitengenezwa hivyo makusudi, ili wananchi wasimame juu ya wawakilishi wao.

Dakika tano kwa miguu unafika Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791. Tangu 1961 hadi 1989 lilibaki ndani ya eneo la mpaka, hakuna raia wa kupita chini yake. Kusini yake kuna kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa na Wanazi: mihimili 2,711 ya zege iliyopangwa kwa safu. Kwa nje mihimili inafika magotini. Ukiingia kati, ardhi inateremka na mihimili inakuzidi kimo, sauti za barabarani zinafifia. Si mahali pa kupanda juu na kupiga picha za mapozi.

Sasa fuata barabara ya Wilhelmstraße hadi namba 92. Hapa watalii wengi hawasimami, kwa sababu jengo lenyewe halipo tena; kilichopo ni bango la kumbukumbu kando ya njia. Kwenye kiwanja hicho lilikuwapo kasri la Kansela Otto von Bismarck, na humo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ndimo ulimofanyika Mkutano wa Berlin. Zilikuwapo nchi 14, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi mezani. Mkutano huo haukuchora mipaka yote ya Afrika kama wengi tulivyofundishwa. Uliweka masharti ya biashara ya mito Kongo na Niger, pamoja na kanuni za nchi ya Ulaya kudai sehemu ya pwani. Lakini siku moja tu baada ya kufungwa kwake, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi kwa mikataba ambayo Carl Peters alikuwa amejikusanyia Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilianzia kwenye karatasi hiyo. Simama hapo dakika 10 na usome bango lote.

Mchana fuata barabara ya Unter den Linden hadi Kisiwa cha Makumbusho, chenye majumba matano na kilichoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Chagua jumba moja. Neues Museum lina kichwa cha Malkia Nefertiti kilichofukuliwa Amarna, Misri, mwaka 1912. Kamera haziruhusiwi kwenye chumba chake. Jumba la Pergamon lilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo angalia hali yake kabla ya kulipangia. Ng'ambo ya barabara liko Humboldt Forum, kasri lililojengwa upya, ambamo zimo mali za Makumbusho ya Ethnolojia, zikiwamo zilizochukuliwa Tanzania wakati wa ukoloni. Majumba mengi ya mji hufungwa Jumatatu. Humboldt Forum hufunga Jumanne.

Siku ya pili: Ukuta, na Mswahili wa Brunnenstraße

Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Ulizunguka Berlin Magharibi kwa kilomita 155 hivi, na watu wasiopungua 140 walikufa kwa sababu yake. Mahali pazuri pa kuuelewa ni Bernauer Straße, ambapo kumbukumbu ya wazi inaendelea kwa kilomita 1.4 na haina kiingilio. Mtaa huu nyumba zake zilikuwa Mashariki na njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele yake ilikuwa Magharibi, na siku za mwanzo watu waliruka kutoka madirishani ili wahame nchi. Panda jukwaa la kituo cha kumbukumbu uone sehemu iliyoachwa ilivyokuwa: ukuta wa kwanza, uwanja mtupu wa mchanga, mnara wa askari, ukuta wa pili.

Ukitoka hapo teremka kwa miguu Brunnenstraße hadi namba 193. Tazama chini. Kwenye mawe ya njia kuna kibamba cha shaba ya kung'aa, kama sentimita 10 kwa 10, kimepachikwa usawa wa viatu. Ni moja ya mawe ambayo msanii Gunter Demnig huyaweka mbele ya nyumba walizoishi watu waliouawa na Wanazi. Jina lililochongwa ni Mahjub bin Adam Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vitani ambayo hawakulipwa, dai lilikataliwa. Akabaki, akajulikana kama Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu. Alioa, akapata watoto. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo utawala wa Wanazi ulilifanya kosa la kirangi, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Hakuwa Mswahili wa kwanza Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye mchango wake ndio uti wa mgongo wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alifundisha lugha yetu kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki ya mji huu na akafia hapa mwaka 1927. Anayedhani safari za Waswahili Ulaya zimeanza na kizazi chetu aanzie kujisahihisha hapa.

Alasiri pita Alexanderplatz, penye mnara wa televisheni wa mita 368, kisha malizia East Side Gallery, kipande cha Ukuta chenye urefu wa kilomita 1.3 kilichochorwa na wasanii wa nchi mbalimbali mwaka 1990. Jioni ya kiangazi, kando ya mto, hapo ni pazuri kupumzisha miguu.

Siku ya tatu: Treni moja, Lindi na Songea

Siku hii inahitaji treni moja tu ya chini ya ardhi, U6. Shuka kituo cha Naturkundemuseum asubuhi, mlango wa Makumbusho ya Elimu Viumbe unapofunguliwa, kabla makundi ya wanafunzi hayajajaa. Jumatatu hufungwa.

Ukumbi wa kwanza unamkuta. Mjusi wa Tendaguru ana kimo cha mita 13.27, sawa na nyumba ya ghorofa nne, na ndiye kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unashuka kuelekea mkiani, na shingo inapanda hadi inabidi urudi nyuma hatua kadhaa ili ukione kichwa. Wataalamu humwita Giraffatitan brancai. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na pembeni yake wamesimama wengine waliotoka kilima hichohicho cha Tendaguru, mkoa wa Lindi, akiwamo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni.

Mifupa ilifukuliwa kati ya 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata kusini. Wakuu wa msafara walikuwa Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini majembe na patasi vilikuwa mikononi mwa mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mbung'o walizuia matumizi ya wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo wapagazi waliichukua mifupa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Kiasi kilichosafirishwa kinazidi tani 200. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Hoja ya kumrudisha mjusi huyu, au ya Tanzania kunufaika naye, imefika hadi bungeni kwetu. Vyovyote uonavyo, ni vema uzungumze ukiwa umemwona.

Rudi U6, endelea kaskazini ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Uko kwenye Mtaa wa Kiafrika wa Wedding, nyumba za kawaida za wakazi, miti mingi, na vibao vinavyosomeka Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße, Ugandastraße. Majina mengi hapa yalitolewa kusherehekea makoloni. Tafuta Maji-Maji-Allee. Hadi tarehe 23 Agosti 2024 barabara hiyo ilikuwa na jina la Petersallee, lililotolewa awali mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters yule wa mikataba ya Usagara. Wanaharakati, wakiwamo Watanzania waishio Berlin, walidai kwa miaka mingi jina libadilishwe. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea. Kabla mwaka haujaisha, mashujaa wa 1905 hadi 1907 wakapata barabara katika mji uliotuma majeshi ya kuwaua.

Chakula, fedha na tabia za mji

Berlin ina jamii kubwa ya Waturuki na Waarabu, kwa hiyo asiyekula nguruwe hatalala njaa. Kreuzberg na Neukölln, hasa barabara ya Sonnenallee, zimejaa migahawa ya halali yenye nyama choma, wali, falafeli na mkate wa moto. Soseji za mitaani mara nyingi ni za nguruwe, uliza kabla. Maji ya bomba ni salama kunywa. Chupa ya plastiki unayonunua ina amana ya senti 25 ambayo hurudishwa ukiipeleka kwenye mashine ya dukani, basi usiitupe.

Kadi inapokelewa sehemu nyingi, ila weka euro chache taslimu kwa vibanda na maduka madogo. Jumapili maduka karibu yote hufungwa isipokuwa ya vituo vikubwa vya treni. Nunua mahitaji Jumamosi. Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kwenye soketi zao, chukua adapta kutoka nyumbani. Njia ya baiskeli hukaa ubavuni mwa njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli huenda kasi, usisimame humo kupiga picha. Kwenye taa nyekundu subiri hata kama gari halionekani. Wazazi wenye watoto watakukemea. Namba ya dharura ni 112.

Ujiandae kabla ya kupanda ndege

Safari ya siku tatu hufaulu au hushindwa ukiwa bado nyumbani. Jiandikishe Bungeni, nunua tiketi ya Makumbusho ya Elimu Viumbe mtandaoni, weka alama kwenye ramani ya simu: Wilhelmstraße 92, Brunnenstraße 193, Maji-Maji-Allee. Na ukipata nafasi, kabla ya kwenda Berlin nenda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, au Makumbusho ya Maji Maji Songea, ukasome upande wetu wa habari hii. Wachukueni na watoto. Mtoto anayemjua Boheti bin Amrani kabla ya kumwona mjusi wake atauliza maswali sahihi, na maswali hayo ndiyo yatakayoamua mali hizi zizungumzweje na kizazi chake.